Kutofautisha Mgunga na Mathenge: Utambuzi wa Mimea Uwandani katika Eneo la Haneti

Haneti, iliyopo katika Wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, ni eneo la nusu ukame lenye msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Kwa kuwa miti ya miiba ni sehemu kubwa ya uoto wa nyanda hizi, mafunzo ya ikolojia ya uwandani hayana budi kuanza na migunga. Hata hivyo, jina "mgunga" hujumuisha spishi nyingi. Hivyo, jina pekee si ushahidi wa spishi.

Utata huongezeka kutokana na mathenge, yaani *Prosopis juliflora*, mti vamizi wenye asili ya Amerika uliokwisha kuenea Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Miiba na vijani vyake vidogo hufanana na vya mgunga. Anayekosea huweza kumwacha mvamizi astawi au kukata mti wa asili.

Mgunga *Vachellia tortilis* una miiba mirefu myeupe iliyonyooka pamoja na mifupi iliyopinda, maua meupe ya mviringo na maganda yaliyojisokota. Mathenge una maua ya manjano yaliyopangika katika vishada virefu, na maganda yasiyojisokota.

Kwa hiyo, sampuli ya majani matupu haitoshi. Mti uleule hurejewa hadi utoe maua au matunda, na jina lake la Kigogo huandikwa pamoja na mahali na tarehe. Kabla ya hapo, huorodheshwa kuwa haujathibitishwa, wala haukatwi.