Nani Anayesimulia Kwanza? Enzi ya Habari na Mabadiliko ya Vita Visivyo vya Kawaida: Mfano wa Al-Shabaab na Kenya, 2011–2016

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna teknolojia ya habari ilivyobadilisha vita kati ya kundi la Al-Shabaab na dola ya Kenya kuanzia mwaka 2011 hadi 2016. Hoja kuu ni kwamba badiliko kubwa halimo katika silaha bali katika uwezo wa kusimulia: dola imepoteza ukiritimba wa habari za vita. Hata hivyo, mtandao huohuo huwatishia waasi. Makala yanahitimisha kwamba kasi ya kutangaza huleta faida ya muda mfupi tu, na kwamba kinachodumu ni kuaminika.

1.0 Utangulizi

Vita visivyo vya kawaida ni mapambano ambayo angalau upande mmoja si jeshi la dola, na ambayo upande dhaifu hukwepa kukabiliana na wenye nguvu uso kwa uso. Upande huo hushambulia kwa kushtukiza, hujificha miongoni mwa raia na hulenga kuichosha nia ya adui. Kwa kuwa shabaha ni nia, vita vya aina hii vimekuwa daima vita vya habari. Mao Zedong, aliyeandika kuhusu vita vya msituni mwaka 1937, aliwafananisha wapiganaji na samaki, na wananchi na maji yanayowahifadhi. Swali linaloongoza makala haya ni hili: nini hutokea wananchi hao wanapokuwa na simu mkononi, na kila upande unaweza kuwafikia kwa wakati mmoja?

2.0 Habari za vita kabla ya intaneti

Vita vya Mau Mau vinatoa kipimo kizuri cha ulinganisho. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952, ilipiga marufuku magazeti mengi ya Kikuyu na kubaki na redio na vyombo vya habari vya walowezi. Wapiganaji wa Nyandarua na Mlima Kenya walikuwa na viapo, nyimbo, barua na wajumbe, lakini njia hizo hazikuvuka mipaka ya jamii zao kwa urahisi. Masimulizi ya washiriki wenyewe yalichapishwa baada ya vita kwisha: kitabu cha Josiah Mwangi Kariuki kilitoka mwaka 1963, na cha Waruhiu Itote mwaka 1967. Kwa takribani miaka 10, dunia iliwafahamu wapiganaji hao kwa sehemu kubwa kupitia maneno ya wapinzani wao. Pengo hilo la muda ndilo lililoondolewa na intaneti.

3.0 Mwasi anapokuwa mtangazaji

Majeshi ya Kenya yaliingia kusini mwa Somalia Oktoba 2011 katika Operesheni Linda Nchi. Msemaji wa jeshi, Meja Emmanuel Chirchir, alitumia Twitter kutoa taarifa za kila siku. Mwezi Novemba alionya kwamba mkusanyiko mkubwa wa punda waliobeba mizigo ungehesabiwa kuwa shughuli ya Al-Shabaab. Desemba 2011 kundi hilo lilifungua akaunti yake, nayo ikaanza kumjibu na kumkejeli kwa Kiingereza fasaha. Januari 2012 picha alizosambaza msemaji huyo, zikielezwa kuwa za Mkenya aliyepigwa mawe Kismayu, zilibainika kuwa za mwaka 2009. Mabishano hayo hayakubadilisha mstari wa mbele wa vita hata kidogo. Yalichobadilisha ni hadhi: kundi lisilotambuliwa na dola yoyote lilionekana likijadiliana na jeshi la taifa kana kwamba ni wasemaji wa ngazi moja.

Uteuzi wa lugha ulikuwa sehemu ya mkakati. Kiingereza kililenga waandishi wa habari wa kimataifa, ilhali Kiswahili kililenga vijana wa Afrika Mashariki. Mwaka 2012 lilianza kusambazwa mtandaoni jarida la Kiswahili lililoitwa *Gaidi Mtaani*. Jina hilo linastahili kuchambuliwa. Neno "gaidi" ni lawama inayotolewa na dola. Hapa limegeuzwa kuwa sifa. Neno "mtaani" nalo linaihamisha vita kutoka Somalia na kuiweka katika makazi ya msomaji.

Shambulio la Westgate, Nairobi, lililoanza tarehe 21 Septemba 2013, liliunganisha tukio na utangazaji wake. Washambuliaji walipokuwa bado ndani ya jengo, kundi lilidai kuhusika kupitia Twitter na kueleza kuwa sababu ni kuwepo kwa majeshi ya Kenya Somalia. Kila akaunti ilipofungwa, nyingine ilifunguliwa. Kwa upande wa serikali, maafisa walitaja washambuliaji kati ya 10 na 15, ilhali baadaye ilibainika kuwa walikuwa wanne. Al-Shabaab nayo ilidai kuwa mateka 137 walikufa kwa sababu ya hatua za serikali. Waathiriwa waliothibitishwa kuuawa katika shambulio zima walikuwa 67. Hivyo pande zote mbili zilitangaza kwa kasi, na zote zilitoa takwimu ambazo hazikusimama.

4.0 Mtandao kama tishio kwa waasi

Ni kosa kudhani kwamba teknolojia ya habari humfaidi mwasi peke yake. Omar Hammami, Mmarekani kutoka Alabama aliyekuwa sura ya propaganda ya Al-Shabaab kwa Kiingereza, alitoa video katika YouTube Machi 2012 akisema kwamba anahofia maisha yake kutokana na tofauti zake na kundi. Baadaye aliendeleza malalamiko yake katika Twitter, akiushambulia uongozi wa Ahmed Abdi Godane hadharani. Aliuawa na wafuasi wa kundi hilo Septemba 2013, siku chache kabla ya Westgate. Chombo kilichomjenga kuwa mwito kwa vijana wa kigeni ndicho kilichofichua mpasuko wa ndani.

Januari 2014 Al-Shabaab yenyewe iliamuru kampuni za mawasiliano za Somalia zisitishe huduma za intaneti ya simu ndani ya siku 15. Hapa pana jambo la msingi. Simu inayopokea propaganda ni simu ileile inayoweza kutoa taarifa za mienendo ya wapiganaji. Kundi lilitaka kusikika Nairobi na London, lakini katika maeneo lililoyatawala lilitaka kimya. Mfano wa samaki na maji unahitaji nyongeza: maji ya leo huhifadhi, lakini pia huonyesha.

5.0 Gharama ya ukimya wa dola

Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab iliishambulia kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, katika eneo la Gedo. Serikali ya Kenya haikutangaza idadi ya askari waliouawa. Kundi lilidai kuwaua zaidi ya 100. Mwezi Februari Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alisema katika mahojiano ya televisheni kwamba waliouawa walikuwa kati ya 180 na 200. Jeshi la Kenya lilikanusha bila kutoa idadi yake. Aprili 2016 Al-Shabaab ilitoa video ya shambulio hilo.

Ipo hoja ya haki kwa upande wa dola: kutaja hasara mapema kunaweza kumpa adui taarifa za kijeshi na kuwafikia jamaa wa marehemu kabla hawajaarifiwa rasmi. Hoja hiyo ina uzito kwa siku au wiki. Inapoteza uzito miezi inapopita na adui anabaki kuwa chanzo pekee chenye picha. Kwa familia za askari, ukimya huo ulimaanisha kuitafuta hatima ya wapendwa wao katika video iliyotengenezwa na wauaji wao.

Njia ya sheria nayo ilikuwa na mipaka. Sheria ya marekebisho ya usalama ya mwaka 2014 ilijaribu kudhibiti uchapishaji wa habari za ugaidi, lakini Februari 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha vifungu vinane, kikiwemo hicho, kwa kukiuka Katiba. Hata kama kifungu hicho kingebaki, kingewabana wanahabari wa Kenya huku video za kundi zikiendelea kusambazwa kutoka nje ya mamlaka ya mahakama zake.

6.0 Hitimisho

Mfano huu unaonyesha kwamba enzi ya habari haijayafuta misingi ya vita visivyo vya kawaida. Mwasi bado hutafuta kuichosha nia, na raia bado ndio wanaoamua atajificha wapi. Kilichobadilika ni kwamba ukiritimba wa masimulizi uliokuwa mikononi mwa serikali mwaka 1952 hauwezi kurejeshwa kwa marufuku wala kwa ukimya. Dola haiwezi kumshinda mwasi kwa kasi, kwa sababu mwasi halazimiki kuthibitisha anachosema. Inaweza kumshinda kwa kuaminika: kwa kutoa takwimu zinazohimili uchunguzi, kusahihisha makosa hadharani na kuwaarifu wafiwa kabla ya adui. Tafiti zijazo zinapaswa kuichukulia taarifa sahihi kwa raia kuwa sehemu ya ulinzi wenyewe, na kuchunguza jinsi propaganda ya Kiswahili inavyopokelewa na kupingwa na wazungumzaji wake.