Istilahi za Umakini na Moyo: Dawa Ipi Hutuliza?

Katika makala haya twakusudia kufafanua istilahi chache zinazomkabili mfasiri wa maelezo ya dawa, pale mtu mzima mwenye upungufu wa umakini anapokuwa pia na hitilafu ya kurithi ya mapigo ya moyo.

Hali ya kwanza ni ya mtu ambaye tangu utotoni hushindwa kudumisha umakini, husahau mambo na hutenda kwa pupa. Kuiita “utukutu” hakufai, kwani utukutu ni tabia ya kukanywa, ilhali hii ni hali ya kutibiwa. Twapendekeza “upungufu wa umakini na utulivu”.

Hali ya pili ni “QT ndefu”. Q na T ni alama katika mchoro wa umeme wa moyo. Muda wa QT ni ule ambao vyumba vya chini vya moyo huutumia kusisimka kwa umeme na kurejea tayari kwa pigo jingine. Ukirefuka kupita kiasi, mapigo yaweza kuvurugika ghafla, mgonjwa akazirai au akafa. Kwa hiyo kuandika “moyo kwenda polepole” ni kupotosha, maana kasi ya mapigo yaweza kuwa ya kawaida. Mwaka 1957, Jervell na Lange-Nielsen walieleza aina inayoambatana na uziwi katika familia moja ya Norwe.

Istilahi ya tatu ndiyo yenye hatari zaidi. Methilifenideti na amfetamini humsaidia mgonjwa atulie. Basi mfasiri huenda akavutwa kuandika “dawa za kutuliza”. Lakini kwa moyo kazi yake ni kinyume: huongeza kasi ya mapigo na shinikizo la damu. Mwenye QT ndefu akisoma “kutuliza”, huenda asione haja ya kumtajia daktari maradhi ya moyo wake. Twapendekeza “dawa za kusisimua”. Atomoksetini haimo katika kundi hilo, lakini nayo huongeza kasi ya mapigo. Hivyo “isiyosisimua” isifasiriwe “salama kwa moyo”.

Aidha, “kwa tahadhari” isigeuzwe “marufuku”. Wapo wagonjwa ambao, baada ya madaktari wa moyo na wa akili kushauriana, hupewa dawa hizo chini ya uangalizi, huku wakiendelea kutumia dawa za kuzuia beta, kama propranololi. Yafaa basi kila tafsiri ya namna hii isomwe na daktari kabla ya kupigwa chapa.