Diski Mpya, Kompyuta Ileile

Mwenye kompyuta iliyochoka hushauriwa na karibu kila fundi atoe diski ya zamani aweke SSD. Ana haki ya kuuliza kama pesa yake itaonekana. Kwa anayetoka kwenye diski inayozunguka, jibu ni ndiyo, tena tofauti ataiona siku hiyohiyo. Kwa anayetoka kwenye SSD ya kawaida kwenda nyingine yenye tarakimu kubwa zaidi kwenye boksi, mara nyingi jibu ni hapana. Majibu yote mawili yana chanzo kimoja: katika kazi za kila siku, kinachotuchosha zaidi ni muda ambao kompyuta inangoja kila kipande cha data kipatikane, kuliko kasi ya data hiyo ikishaanza kumiminika.

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na mkono wenye kichwa cha kusomea. Kila kipande kinapohitajika, mkono husogea hadi mahali pake, kisha kichwa hungoja sahani ikilete. Diski nyingi za kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, sawa na mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja basi huchukua milisekunde 11, na kungoja kwa wastani ni nusu yake; ukijumlisha safari ya mkono, unafika milisekunde 15 au zaidi. SSD haina kinachosogea, hivyo hukipata kipande hichohicho kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Sasa Windows inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Tuseme ni 5,000: diski ya zamani itatumia sekunde 75 kuvitafuta, SSD nusu sekunde. Huo ni mfano tu, maana mfumo hujitahidi kupanga maombi ili mkono usitangetange, lakini ushahidi wake unaonekana kwenye kioo. Kompyuta ya diski ya zamani ikikwama, fungua Task Manager: diski itaonyesha asilimia 100, huku data inayopita ni megabaiti moja au mbili kwa sekunde, ilhali diski hiyohiyo inaweza kusoma faili moja kubwa kwa megabaiti 100 kwa sekunde. Ni karani wa masjala anayevuka korido nzima kufuata kila karatasi. Hajakaa tangu asubuhi, na mezani hakuna kitu. Udhaifu huu ni wa kuzaliwa. Diski ya kwanza ya IBM, mwaka 1956, ilibeba takriban megabaiti 5 na kuchukua kama milisekunde 600 kufikia data. Tangu hapo hadi diski za terabaiti moja, ujazo umekua mara 200,000. Muda wa kungoja umepungua mara 40 hivi. Chuma kina uzito, na uzito hauharakishwi hivihivi.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini hatua ya pili, ya kutoka SSD kwenda SSD nyingine, haina mvuto. SSD ya kawaida, ya SATA, husoma hadi megabaiti 550 kwa sekunde, na ile yenye tarakimu kubwa, ya NVMe, 3,500 au zaidi. Lakini ikiwa kutafuta vipande kumeshashuka hadi nusu sekunde, hata ukiufuta muda huo wote umeokoa nusu sekunde tu. Muda uliobaki ni wa kichakataji. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 kwamba kuharakisha sehemu moja ya kazi kuna faida isiyozidi muda ambao sehemu hiyo ilikuwa inakula. Anayehamisha video kubwa kila siku ataiona NVMe. Anayeandika barua na kufungua kivinjari hataiona.

Wapo wanaosema kasi inayoonekana baada ya kuweka SSD inatokana na Windows iliyowekwa upya. Hoja hii ina ukweli, kwani usafi huo husaidia, lakini ukinakili diski ya zamani yote ilivyo, na takataka zake, mashine bado hubadilika. Wengine husema ongeza RAM kwanza. Kwa kompyuta ya gigabaiti 4 nakubaliana nao nusu: RAM ikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye diski, na SSD huupunguza makali ugonjwa huo bila kuuponya. Ila ukiongeza RAM peke yake, uwakaji wa asubuhi utabaki wa kusubiri. Na mahesabu mazito, kuchakata video au intaneti dhaifu havitapona kwa diski yoyote.

Hofu kwamba SSD huchakaa haraka imepitwa na wakati. SSD ya gigabaiti 500 iliyodhaminiwa kuandikwa terabaiti 300, kwa mtu anayeandika gigabaiti 20 kila siku, ingehitaji miaka 40 kufika hapo. Hofu ya kweli ni nyingine: SSD yaweza kufa ghafla bila mlio wala dalili, na kuokoa data yake ni kugumu zaidi. Kwa hiyo nakala ya akiba ni lazima. Diski uliyoitoa, kama bado ni nzima, inafaa kwa kazi hiyo: itie kwenye kasha la USB uhifadhie picha na filamu. Hizo husomwa kwa mfululizo, na mkono wake hautakuwa na safari nyingi.