Istilahi za Uzito wa Kuzaliwa na Utumbo wa Nguruwe Wachanga

Mfasiri anayetayarisha kijitabu cha wafugaji wa Mbeya na Iringa hukutana mapema na nguruwe mchanga aliyezaliwa mdogo kuliko ndugu zake, na kalamu hukimbilia neno njiti. Neno hilo ni zuri, ila hapa si mahali pake. Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Nguruwe hubeba mimba kwa siku zipatazo 114, na watoto wa uzao mmoja huzaliwa pamoja. Mwenye gramu 800 na mwenye kilo moja na nusu wana umri ule ule. Kilichowatofautisha ni lishe waliyoipata ndani ya mji wa mimba. Twapendekeza basi uzito pungufu wa kuzaliwa, na huyo mdogo aitwe aliyedumaa tumboni mwa mamaye.

Kudumaa huko hakuonekani kwenye mizani peke yake. Lishe inapokuwa haba, damu ya mtoto hupelekwa kwanza kwenye ubongo, na utumbo hupata masazo. Huzaliwa na utumbo mwepesi, wenye ukuta mwembamba na vijidole vifupi vya kufyonzea chakula. (Wako watakaopenda kuswahilisha neno la Kilatini na kuandika vili, sisi twaona vijidole humwonyesha mfugaji umbo la kitu chenyewe.)

Istilahi ya tatu ndiyo yenye hatari. Kondo la nguruwe halipitishi kingamwili za mama. Mtoto huzipata katika dang'a, na utumbo wake huziingiza katika damu zikiwa nzima kwa saa 24 hadi 36 hivi tu; baada ya hapo hauzipokei tena. Kiingereza husema kwamba utumbo umefunga. Tukitafsiri neno kwa neno, mfugaji wa Rungwe au Mufindi ataelewa kuwa mnyama amefunga choo, naye atatafuta dawa ya kulainisha choo kwa ajili ya mtoto aliyehitaji chuchu. Yafaa tuseme ukomo wa kupokea kingamwili.

Muda huo humpita upesi aliye mdogo. Wenzake humsukuma kwenye chuchu, na baridi ya Juni na Julai ya nyanda hizo humwondolea nguvu za kunyonya. Kwa hiyo kijitabu kitaje saa, si siku: akaushwe, atiwe joto, na mamaye akamuliwe dang'a ili anyweshwe katika saa sita za kwanza. Dang'a nalo tusilibadili kuwa maziwa ya kwanza, maana msomaji aweza kudhani ni maziwa ya juma zima la kwanza.