Useremala wa Nyumbani: Mbao Kavu na Patasi Kali

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakazi wa Kigali hutoka asubuhi na majembe, mapanga na mafagio kwenda kwenye umuganda. Mifereji huzibuliwa, nyasi hufyekwa, na vijia vya mtaa hutengenezwa. Lakini aghalabu mtu yule yule aliyelishika jembe kwa ajili ya mtaa mzima hurudi kwake akaukuta mlango usiofunga, meza inayoyumba, na watoto wanaoandika kazi ya shule wakiwa wameweka daftari juu ya magoti. Nyumba nayo yahitaji umuganda wake.

Wanyarwanda husema, "Ak'imuhana kaza imvura ihise", maana yake msaada wa jirani hufika mvua ikiwa imekwisha kupita. Waswahili nao husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali zote mbili zamwelekea mtu mmoja: yule anayemngojea fundi kwa kazi ambayo angeliweza kuifanya mwenyewe mchana mmoja wa mapumziko.

Ufundi wa mbao si jambo geni katika nchi hii. Tangu zamani mababu walichonga kwa kipande kimoja cha mti vyombo vya maziwa viitwavyo ibyansi, vinu vya kutwangia na viti vya kukalia. Wamisionari walipofungua kituo cha Save mwaka 1900, useremala wa misumeno na randa ulianza kuenea. Leo hii, anayetaka kuona kazi hiyo kwa wingi na aende Gakinjiro ya Gisozi, wilayani Gasabo, ambako maseremala hupasua, huranda na hupaka rangi tangu asubuhi hadi jioni. Mgeni wa ufundi atajifunza mengi kwa kusimama tu kando na kutazama jinsi fundi anavyosimama mbele ya meza yake ya kazi, na jinsi anavyougeuza ubao kabla ya kuukata.

Hata hivyo, anayeanza asidhani kwamba mafundi wale wamemshinda kwa sababu ya mashine zao. Kazi nyingi za nyumbani huharibika kwa sababu mbili tu: mbao mbichi na chuma butu. Atakayeyashinda mawili hayo amekwisha kuvuka nusu ya njia.

Kuanza na kutengeneza

Ni busara kujifunza kwa kutengeneza kilichoharibika kabla ya kuunda kipya. Tuchukue mfano wa mlango unaokwama. Wengi hukimbilia randa na kuuranda mlango papo hapo. Hilo ni kosa, hasa wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Mbao hunywa unyevu wa hewa zikavimba, na kiangazi kinapoingia mwezi Juni hupungua tena. Mlango uliorandwa sana wakati wa mvua utaacha mwanya wakati wa jua, na upepo na vumbi vitaingia kwa raha.

Yafaa kwanza kuchunguza bawaba. Mara nyingi parafujo zake zimelegea na mlango umeinama kwa uzito wake wenyewe. Parafujo ifunguliwe, tundu lake lijazwe vijiti vyembamba vilivyopakwa gundi, mathalani njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa. Gundi ikauke usiku kucha, kisha parafujo irudishwe. Ikiwa mlango bado wasugua, fremu ipakwe chaki na mlango ufungwe taratibu. Mahali chaki itakapoonekana juu ya mlango ndipo panaposugua, na hapo tu ndipo pa kurandwa, kidogo kidogo.

Zana na makali yake

Anayeanza hana haja ya kununua duka zima. Msumeno wa mkono, nyundo, futi ya kupimia, guni la kupimia pembe mraba, patasi moja ya upana wa milimita 20 hivi, randa ndogo, bisibisi, keekee ya kutobolea na kinoo vyatosha kwa miezi mingi. Ni heri kununua kifaa kimoja kizuri kila baada ya mishahara kadhaa kuliko kununua kumi vibaya kwa siku moja.

Kwa habari ya makali, askari na polisi wanayo tayari tabia inayotakiwa. Silaha husafishwa kabla ya zamu na baada ya zamu, wala haingojwi mpaka ishike kutu. Patasi na randa zatakiwa heshima ile ile. Makali hunolewa kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30 juu ya kinoo chenye maji au mafuta, kulingana na aina ya kinoo, kisha mgongo wa patasi hulazwa kabisa ili kuondoa kijiukingo cha chuma kinachojikunja upande wa pili. Patasi iliyonolewa vyema hukata ncha ya ubao ikaacha uso laini. Patasi butu hulazimisha nguvu, na nguvu ndiyo inayoipeleka patasi kwenye kiganja. Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali daima.

Kuchagua mbao

Misitu mingi iliyopandwa Rwanda ni ya mikaratusi, miti iliyoletwa kutoka ng'ambo mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa sababu hiyo mbao za mkaratusi ni rahisi kupatikana Kigali. Ni ngumu na zenye nguvu, lakini zina tabia ya kupasuka na kujipinda zinapokauka. Msonobari ni laini zaidi na humvumilia mwanafunzi. Mgrevilea nao hupendeza kwa madoa ya uso wake.

Mti wowote uwao, jambo la kwanza ni ukavu. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi, lakini ubao haufuati methali hiyo. Ubao mbichi ukikauka ndani ya kazi iliyokwisha, hupungua upana wake huku urefu wake ukibaki karibu ule ule. Hapo viungo huachana, na meza iliyokuwa sawa mwezi Novemba huyumba mwezi Agosti.

Mbao zikaushwe kivulini, zikiinuliwa kutoka ardhini, na vijiti vya unene mmoja viwekwe baina ya ubao na ubao ili hewa ipite. Ncha zipakwe rangi zisikauke upesi na kupasuka. Kanuni ya zamani ya mafundi yasema mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Asiyeweza kungoja kiasi hicho anunue mbao zilizokwisha kukaushwa, naye azipime kwa njia nyepesi: akate kipande kidogo, akipime kwa mizani ya jikoni kila baada ya siku chache, akiwa amekiweka ndani ya nyumba. Uzito ukiendelea kushuka, ubao haujawa tayari.

Benchi la watoto

Kazi ya kwanza iwe ndogo na yenye manufaa. Benchi la watoto hupatikana katika ubao mmoja wa urefu wa mita 2, upana wa sentimita 25 na unene wa sentimita 2.5. Kutoka ubao huo hukatwa kikalio cha sentimita 60, miguu miwili ya sentimita 35 kila mmoja, na mwamba wa kushikiza wa sentimita 43. Mwamba huo upunguzwe upana hadi sentimita 10. Kipande kinachobaki ni cha kujaribia msumeno na parafujo, ili makosa yaangukie hapo.

Miguu isimamishwe sentimita 6 ndani ya kila ncha ya kikalio, nyuzi za mti zikielekea juu na chini. Mwamba ukae baina ya miguu, chini kabisa ya kikalio, kwa kuwa ndio unaolizuia benchi kuyumba. Kila tundu la parafujo litobolewe kwanza kwa keekee nyembamba kuliko parafujo yenyewe, la sivyo mkaratusi utapasuka. Parafujo za sentimita 5 zatosha. Kabla ya kukaza ya mwisho, guni lipitishwe kila kona.

Kwa familia za watumishi wanaohamishwa mara kwa mara, parafujo zina faida nyingine kuliko misumari: benchi au meza iliyofungwa kwa parafujo bila gundi hufunguliwa, hufungwa kamba pamoja na mizigo, na huundwa upya katika kituo kipya.

Mwisho benchi lisuguliwe kwa msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, kwa kufuata nyuzi za mti. Kingo zilainishwe zisije zikamuumiza mtoto, ndipo lipakwe vanishi. Kazi hii si ya baba peke yake. Mama aweza kushika msumeno, na mtoto wa kike au wa kiume wa miaka kumi aweza kupima, kuweka alama na kusugua msasa chini ya uangalizi. Mtoto aliyelisugua benchi kwa mkono wake hatakuwa mwepesi wa kulichora kwa kisu.

Hadhari

Vumbi la mbao si la kudharauliwa. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vumbi hilo husababisha saratani kwa binadamu. Kazi ya msasa ifanywe nje, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa kwa barakoa, mbali na vyakula na watoto wachanga. Moto nao ni adui. Gakinjiro ya Gisozi imewahi kuunguliwa zaidi ya mara moja, na mali ya miaka mingi ikateketea. Nyumbani, takataka za randa ziondolewe kila jioni, vanishi isiwekwe karibu na jiko, na matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yasirundikwe pamoja, kwani huweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Yatandazwe nje yakauke. Aliyepanga nyumba, au aliyepewa nyumba ya serikali, aombe ruhusa kabla ya kutoboa ukuta.

Faida ya mbele

Benchi moja halimfanyi mtu kuwa seremala, wala mtu asiache kazi yake kwa sababu ya sifa za majirani. Lakini utumishi una mwisho wake, na wenye sare hustaafu wangali na nguvu. Tume iliyoundwa nchini mwaka 1997 kwa ajili ya kuwarejesha wapiganaji katika maisha ya kiraia ilitambua kwamba aliyeweka silaha chini ahitaji kazi ya mikono, na useremala ulikuwa miongoni mwa ufundi waliofundishwa. Aliyeanza mapema, kwa saa mbili tatu za mapumziko, huifikia siku hiyo akiwa na miaka ya mazoezi na sanduku la zana zilizokwisha kulipiwa.

Baada ya benchi, na afuatishe rafu ya vitabu, kisha meza ya kusomea, na hatimaye mlango. Asiruke hatua, wala asione haya kumuuliza fundi wa Gisozi. Ujuzi hauzeeki, na mbao za mlango huo zaweza kuanza kukaushwa kivulini tangu leo.