Igeuze Sahani Kabla ya Kuithamini

Katika nyumba nyingi za kale za mwambao wetu, sahani za samawati zimekaa zidakani hata asili yake imesahauliwa. Siku ya kugawa mirathi hutiwa fungu moja na masufuria, au huuzwa kwa bei aipangayo mnunuzi. Basi tumeona vyema kueleza namna ya kuzitambua, ili warithi wasipunjwe.

Wengi huziita zote za Kichina. Baadhi ni hivyo kweli. Lakini zile za Uchina kwa kawaida zilichorwa kwa mkono, na za Uingereza zilipigwa chapa. Pambo lilichongwa juu ya bamba la shaba, likatiwa wino wa kobalti, likahamishiwa karatasi nyembamba, kisha karatasi ikabandikwa juu ya chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja. Josiah Spode wa Stoke aliimudu kazi hiyo mnamo 1784. Tazama ukingoni: pale ncha za karatasi zilipokutana, ua hukatika ghafula. Mkono wa mchoraji haukosei namna ile.

Pambo peke yake halitoi umri. Lile liitwalo Willow, lenye daraja, watu watatu na ndege wawili, lilibuniwa Uingereza kwa kuiga Uchina, na lingali likitengenezwa hadi leo.

Kwa hiyo igeuze. Alama yenye umbo la almasi ilitumika tangu 1842 hadi 1883. Herufi ya mwaka ikiwa pembe ya juu, ni kabla ya 1868. Ikiwa kulia, ni 1868 au baadaye. Lakini huo ni mwaka wa kusajiliwa pambo, na sahani yenyewe yaweza kuwa changa zaidi. Herufi "Rd No" zenye nambari zilianza 1884. Neno "England" lilienea tangu 1891, Marekani ilipotaka bidhaa zitajwe nchi zitokako; na "Made in England" aghalabu ni karne ya 20. Kuhusu mwaka uliochapwa waziwazi, kama 1770, tahadharini: mara nyingi ni mwaka wa kuasisiwa kiwanda, nao wauzaji huupenda mno.

Zipigwe picha mbele na nyuma, na bei iulizwe kwa wanunuzi wawili watatu, kabla fungu la yatima halijakatwa.