Dar hadi Moshi: Saa moja angani, saa tano safarini

KILA mwezi Desemba, maelfu ya wenyeji wa Mkoa wa Kilimanjaro waishio Dar es Salaam hurejea nyumbani kwa ajili ya Krismasi, na swali la kwanza huwa ni lile lile: ndege au basi?

Kwa mstari ulionyooka, Dar es Salaam na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) zinatenganishwa na takriban kilomita 450. Ndege ya abiria hutumia kati ya saa moja na saa moja na dakika 20.

Kwa barabara, kupitia Chalinze, Segera, Korogwe na Same, umbali ni takriban kilomita 560. Kwa kuwa basi haliruhusiwi kuzidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hata lisiposimama popote litahitaji saa saba. Kwa kawaida safari huchukua saa nane hadi kumi.

Hata hivyo, saa moja ya angani si safari nzima. KIA, uliofunguliwa mwaka 1971, ulijengwa kati ya Moshi na Arusha ili kuhudumia miji yote miwili, hivyo anayeshuka hapo bado ana takriban kilomita 40 kufika Moshi.

Ukijumlisha foleni za kuelekea Uwanja wa Julius Nyerere, muda wa kusubiri kabla ya kuruka, kupokea mizigo na gari la kwenda mjini, safari hiyo hufikia saa tano au zaidi.

Aidha, jambo ambalo wengi hulisahau ni upande wa mlima anakokwenda msafiri.

Anayekwenda Machame hunufaika zaidi na ndege, kwani njia panda ya kupanda huko iko kati ya KIA na Moshi. Hana haja ya kufika mjini.

Kwa wa Marangu na Rombo, hali ni kinyume. Basi litokalo Dar es Salaam hupita Himo kabla ya kufika Moshi, na hapo ndipo wanaposhuka. Aliyepanda ndege hulazimika kuvuka Moshi na kurudi mashariki, zaidi ya kilomita 60 kutoka KIA, kabla ya kuanza kupanda mlima.

Tangu mwaka 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya zuio la miaka mingi, tofauti hiyo imepungua zaidi. Anayeondoka jioni hufika alfajiri bila kupoteza siku ya kazi.

Kwa anayewahi mazishi au mgonjwa, saa chache zinazookolewa na ndege zina thamani kubwa. Kwa wengine, hasa wenye familia na mizigo, ni vyema kuhesabu muda wa kutoka mlangoni Dar es Salaam hadi mlangoni kijijini, si ule ulioandikwa kwenye tiketi.